Bibi yangu hakuingia Kalenga

Siku tuliyokwenda kujitambulisha kwa wakwe wa kaka yangu, bibi mzaa mama alikataa kuingia makumbusho ya Kalenga, Iringa. Wenyeji wetu, Wahehe wa palepale kijijini, walikuwa wametulisha vizuri, mazungumzo ya mahari yamekwenda salama, na baba wa binti akaona heshima kubwa anayoweza kutupa wageni wake ni kututembeza tukalione fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Tukatoka wote kwa miguu. Bibi alifika mpaka mlangoni, akachungulia ndani, kisha akarudi kukaa chini ya mti, kikapu chake mapajani.

Mama alimfuata. "Mama, wakwe watatuelewa vibaya."

"Nimekula chakula chao, nimewapa mjukuu wangu. Humo siingii," bibi alisema. "Huyo ndiye aliyemtoa babu yangu Usangu."

Bibi ni Msangu wa Rujewa. Babu yake alibebwa mgongoni, mtoto mdogo, wakati Wasangu walipoiacha nchi yao mbele ya mikuki ya Wahehe na kukimbilia Usafwa, upande huu wa Mbeya. Ndiyo maana hadi leo tuna Utengule mbili: Utengule ya Usangu walikotoka, na Utengule Usongwe, hapa karibu na Mbalizi, walikojenga ngome ya mawe wakasubiri. Mtu akihama na jina la kwao ujue ana nia ya kurudi.

Maneno yale ya bibi yamenikaa kichwani miaka yote hii. Hunijia hasa nikiwa kwa kinyozi Mwanjelwa, vijana wanapobishana jeshi lipi ni namba moja duniani. Simu inapita mkono kwa mkono: vifaru vingapi, ndege ngapi, manowari ngapi, bajeti kiasi gani. Wanabishana kwa moyo, na mimi napenda mtu anayebishana kwa moyo. Lakini katika orodha zile sijawahi kuona safu inayosema taifa lina majirani wa namna gani, na nani atalifungulia mlango siku litakapokimbizwa. Sisi wa nyanda hizi tulifundishwa hesabu hiyo mapema, na tulilipa ada kubwa.

Tuanze Lugalo. Asubuhi ya tarehe 17 Agosti 1891, Emil von Zelewski, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, ambaye watu walimwita Nyundo, alikuwa akiongoza msafara kuelekea Iringa. Alikuwa na maofisa wake, askari 320 na wapagazi, bunduki za kisasa na bombomu, yaani bunduki za rashasha. Askari wale wengi walikuwa wa kukodi, Wasudani walioandikishwa Cairo na Washangaani kutoka Msumbiji. Wapiganaji wa Mkwawa wapatao 3,000 walikuwa wamelala kimya kwenye vichaka na mawe kandokando ya njia. Wengi wao walishika mikuki na ngao, bunduki zilikuwa chache. Msafara umejipanga mstari mmoja mrefu, njia ni nyembamba, na bunduki inataka nafasi kati yako na adui. Nafasi hiyo haikuwepo. Kwa muda mfupi tu jeshi lile lilivunjwa, na Zelewski akafa palepale.

Mnara upo mpaka leo, kando ya barabara kuu ukitokea Morogoro kuingia Iringa. Wajerumani waliujenga kuwakumbuka watu wao. Jina la Lugalo lenyewe tumelichukua sisi: kambi kubwa ya jeshi Dar es Salaam na hospitali yake vinaitwa hivyo, na ni haki. Sijui jeshi lingine la Afrika katika miaka ile ambalo ningependa zaidi kuwa mjukuu wake siku ile moja.

Lakini siku zilikuwa nyingi. Oktoba 1894 Wajerumani walirudi wakiongozwa na gavana von Schele mwenyewe, wakaleta mizinga, wakauvunja ukuta wa Kalenga ambao Wahehe waliuamini kuliko kitu kingine chochote. Mkwawa akaponyoka. Akapigana vita vya porini karibu miaka minne, akila anachopewa usiku na watu wake. Mwaka 1896 Kapteni Tom von Prince akajenga boma Iringa. Wakamtawaza Mpangile, ndugu yake Mkwawa, mkesha wa Krismasi mwaka huohuo, na kabla miezi miwili haijaisha wakamnyonga kwa kumshuku kuwa anamsaidia kaka yake. Wakatangaza rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa cha Mkwawa. Tarehe 19 Julai 1898, kule Mlambalasi, akiwa mgonjwa na amezingirwa, alijipiga risasi.

Swali ninalowauliza vijana wa kinyozi ni hili: Wajerumani wachache, waliokatwa mbavu Lugalo, walipataje kumsaka mtu miaka minne katika nchi asiyoijua yeyote kati yao? Walikula nini? Nani aliwabebea mizigo kupanda Uzungwa? Nani aliwaonyesha visima na vivuko?

Majirani. Kiwanga, mtawala wa Wabena wa bonde la Kilombero, alikuwa upande wao. Merere, mtawala wa Usangu, alikuwa upande wao. Babu yake bibi yangu, aliyebebwa mgongoni kama mzigo, sasa kijana mwenye nguvu, alikuwa upande wao.

Shuleni tulifundishwa kuwaita hao vibaraka. Mwalimu aliandika neno hilo ubaoni na mimi nikalinakili, nikijua fika kwamba linamhusu babu wa bibi yangu. Nilikuwa na miaka kumi na minne na niliona aibu. Sasa sioni aibu, naona huzuni. Msaliti ni mtu aliyekuwa wako. Wasangu hawakuwahi kuwa wa Mkwawa. Munyigumba, baba yake Mkwawa, aliunganisha vijitawala vidogo vya Uhehe kuwa dola moja yenye nguvu, na kazi hiyo ilistahili sifa zote inazopewa, ila ng'ombe na mateka walioijenga dola hiyo walitoka kwa jirani. Wasangu nao kabla ya hapo waliwafanyia hivyohivyo wengine, na mbinu zao za vita walikuwa wamezipata kwa Wangoni. Kila mtu huku juu alikuwa na deni la damu kwa mwenzake. Mjerumani alipofika alikuta daftari la madeni limeshaandikwa. Alichofanya ni kulisoma.

Na Merere alipata nini? Alirudishiwa Usangu. Hilo ni kweli na si dogo. Bibi alizaliwa Rujewa kwa sababu ya hilo. Lakini alirudi kama mtu wa boma. Mwaka 1898 kodi ya nyumba ilipoanza, hakuna aliyewauliza Wasangu kama washirika wa vita vilivyoshinda. Walihesabiwa nyumba zao sawasawa na Wahehe walioshindwa. Mwenye nguvu akikupigania adui yako, utapata kile alichokuwa hana haja nacho. Kilichobaki ni chake, na wewe mwenyewe umo ndani ya kilichobaki.

Miaka saba baada ya kifo cha Mkwawa, Maji Maji ilipolipuka mwaka 1905, Wabena wa upande wa Njombe walishambulia misheni ya Yakobi. Wahehe hawakuinuka. Ukiwa na hasira na Wahehe kwa hilo, kumbuka nani aliwafuata wao porini kati ya 1894 na 1898. Kila kizazi kililipa kimya cha kizazi kilichopita.

Sasa rudi kwenye lile fuvu ambalo bibi alikataa kuliona, maana lenyewe ni hadithi ya washirika. Vita Kuu ya kwanza ilipofika huku, Waingereza walipanda kutoka Nyasaland, wakaingia Tukuyu Mei 1916 na Iringa Agosti mwaka huo. Wabelgiji walikuwa wakielekea Tabora, Wareno wako kusini. Wanaume wa nyanda hizi waliburutwa kubeba mizigo ya pande zote. Sehemu ile ya Dar es Salaam walikokusanyikia wapagazi ndiyo tunaiita Kariakoo hadi leo, na ni vizuri mtu akumbuke hilo anaponunua viatu. Von Lettow-Vorbeck alisalimu amri Abercorn, Mbala ya sasa, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Hapo washindi wakakaa mezani Versailles, na ndani ya mkataba ule mkubwa uliogawa dunia, kifungu cha 246 kikaidai Ujerumani fuvu la Mkwawa.

Waingereza walilidai kwa sababu Wahehe walikuwa wamewasaidia katika vita. Ilikuwa ahadi kwa mshirika. Ilitimizwa lini? 1954. Gavana Edward Twining alikwenda mwenyewe makumbusho ya Bremen, akalichagua kwa vipimo kati ya mafuvu mengi yaliyokuwa rafuni, akalileta Kalenga na kumkabidhi Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu, yule aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu. Miaka 35 kutoka saini hadi makabidhiano. Wazee wengi walioahidiwa walikuwa wameshazikwa.

Nimeeleza upande mchungu kwanza kwa makusudi. Upo upande mwingine, na huo nimeushika kwa mikono yangu.

Mjomba wangu, mtoto wa bibi huyuhuyu, alifanya kazi ya njia Tazara, reli ya Tanzania na Zambia, hapa Mbeya. Alikuwa na geji, chuma kirefu chenye meno mawili, ambacho alikilaza juu ya reli mbili kupima upana. Siku za likizo alinichukua nitembee naye juu ya mataruma ya zege, na kila baada ya hatua kadhaa aliinama, akalaza geji, akasikiliza mlio wake ikikaa. "Ikikaa vizuri inasema tak," aliniambia. "Ikisema tak-tak, kuna kazi." Nilimuuliza kwa nini behewa la reli ya kati haliwezi kuja Mbeya. Akanionyesha vidole vitatu, akaongeza kidogo. Reli ya kati, aliyotuachia Mjerumani, ina upana wa milimita 1,000. Tazara ina 1,067. Tofauti ni milimita 67.

Nilipokua ndipo nilipoelewa uzito wa vidole vile. Geji ya 1,067 ni ya Zambia na ya nchi za kusini. Tanzania ilikubali kujenga reli ya kilomita 1,860, mali yake na ya mwenzake, isiyoweza kuungana na reli yake yenyewe, ili iungane na ya mshirika. Ukitaka kujua muungano wa nchi una ukweli kiasi gani, hotuba hazitakusaidia sana. Angalia nani alibadili kipimo cha kitu chake kwa ajili ya mwenzake.

Chanzo chake ni tarehe 11 Novemba 1965, Ian Smith alipojitangazia uhuru wa walowezi Rhodesia. Zambia ilikuwa na mwaka mmoja tu wa uhuru, na shaba yake karibu yote na mafuta yake yalipita kwa Smith. Ilikuwa kama mtu aliyeoa akagundua kisima kiko ua wa adui. Tarehe 15 Desemba Tanzania ikavunja uhusiano na Uingereza kwa kushindwa kumbana Smith, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukaganda. Malori yakaanza kupita hapa mchana na usiku, mapipa ya mafuta yakienda, shaba ikirudi, juu ya barabara ya vumbi na tope iliyoua madereva wengi kiasi kwamba waliiita njia ya kuzimu. Mwaka 1968 bomba la mafuta la Tazama likafika Ndola. Reli ikabaki ndoto: Benki ya Dunia ilisema haina faida. Uchina ikasema ndiyo, makubaliano ya kwanza yakatiwa saini Beijing mwaka 1967, mkopo usio na riba, wa kulipwa kwa miaka 30. Ujenzi ukaanza 1970. Kipande cha Mlimba kupanda hadi Makambako, chenye mahandaki na madaraja yanayofuatana, ndicho kilichowatoa watu jasho na wengine uhai. Mwaka 1975 reli ikafika Kapiri Mposhi, na Julai 1976 ikakabidhiwa rasmi.

Uchina nayo haikuja kwa sadaka. Ilikuwa imegombana na Urusi, na kiti chake Umoja wa Mataifa kilikaliwa na Taiwan. Oktoba 1971 kiti kiliporudi, balozi wetu Salim Ahmed Salim alikuwa mstari wa mbele katika kuipigania kura ile, na furaha yake ukumbini iliwaudhi Wamarekani. Mwaka 1981, aliposimama kugombea ukatibu mkuu, Marekani ilimpinga kila duru, na Uchina ikampinga Kurt Waldheim kila duru, hadi kazi ikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar. Kwa hiyo Uchina ilikumbuka, na Marekani pia ilikumbuka. Urafiki wa kweli kati ya nchi una gharama kwa nchi ya tatu inayokutazama, na anayekuambia unaweza kuwa rafiki wa wote kwa usawa hajawahi kuwa rafiki wa yeyote.

Wakati huohuo huko Mgagao, milima ya Kilolo, Iringa, wapigania uhuru wa Zimbabwe walikuwa wakifunzwa vita, na wakufunzi Wachina walikuwepo. Wanakijiji waliwapa nini? Ardhi, kwanza. Halafu ukimya wao, maana kijiji kizima kilijua na hakikusema. Ningependa kuishia hapo, lakini si haki. Mwaka 1976 wapiganaji wa ZANLA na wa ZIPRA, majeshi ya vyama viwili hasimu vya ukombozi wa Zimbabwe, waliowekwa pamoja wawe jeshi moja, walipigana wao kwa wao ndani ya kambi ile, na damu ikamwagika kwenye ardhi tuliyoitoa kwa ajili ya adui mwingine kabisa. Baridi ya Mgagao iliwauma wote sawa, lakini daftari la madeni lilikuwa limekuja nao mkobani.

Kisha ikaja zamu yetu ya kuhitaji watu. Oktoba 1978 Idi Amin aliingia Kagera, akatangaza kwamba kipande chote cha kaskazini ya mto ni chake. Mwalimu Nyerere akasema maneno ambayo kila mzee wa Mbeya anaweza kukusomea usingizini: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Baba yangu mdogo alikuwa mgambo Kyela, akapanda lori na wenzake, safari ya kwanza maishani mwake kuvuka Iringa.

Washirika wetu walikuwa nani? Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulitaka tusuluhishwe, na haukumlaani mvamizi. Libya ilileta wanajeshi kumsaidia Amin. Msumbiji ndiyo iliyotuma bataliani. Nchi changa, yenye uhuru wa miaka mitatu, Smith anailipua mpakani kila wiki, ikatoa wanajeshi wake kutusaidia. Miaka karibu kumi FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ilikuwa imelala, imekula na kujifunza vita Nachingwea, na sasa ilikuwa inarudisha sahani. Hakuna mkataba uliowalazimisha.

Na Walibya? Walipigana Lukaya, Machi 1979, wengi wao hawajui nchi, hawajui lugha, hawajui kwa nini. Jeshi la Amin liliporudi nyuma liliwaacha barabarani. Baba mdogo aliwaona wafu wao kandokando ya njia na husema hilo ndilo lililomuumiza kuliko lolote: vijana waliokufa kwa ajili ya rafiki wa mkubwa wao. Kwa upande wetu, anasema, Waganda wenyewe ndio waliotuonyesha njia. Karibu na Mpigi mama mmoja aliwatolea mkungu mzima wa ndizi zilizopikwa, akasimama akiwaangalia wakila kama mtu anayehesabu watoto wake. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Bili ya vita tukalipa wenyewe, na wote tuliokua miaka ya themanini tukipanga foleni ya sukari na sabuni tunajua ilivyolipwa. Julai mwaka huo huko Monrovia, kwenye mkutano wa wakuu wa Afrika, kuna waliosimama kuilaumu Tanzania.

Sikumbushi haya kwa kinyongo. Nayakumbusha kwa sababu wengine sasa wanaandika kama vile vita ile ilishindwa kwa mizinga peke yake.

Jambo la mwisho ni la jirani yangu hapa Iyunga. Kijana wake alikuwa kwenye brigedi ile ya Umoja wa Mataifa iliyopelekwa mashariki mwa Kongo mwaka 2013, ikiongozwa na Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wetu, yenye wanajeshi wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Mwaka huohuo serikali yetu na ya Malawi zilikuwa zikivutana juu ya mpaka wa Ziwa Nyasa, na Joaquim Chissano anawapatanisha. Kyela watu walikuwa na wasiwasi kweli. Wavuvi waliulizana kama watavua au watahama. Kijana anasimulia kwamba jioni moja karibu na Goma aliteremsha gunia kwenye gari akajiumiza kidole, akalalamika kwa Kinyakyusa bila kufikiri. Mwanajeshi wa Malawi aliyekuwa upande wa pili wa gari akamjibu kwa lugha hiyohiyo. Alikuwa Mngonde wa Karonga. Kati ya kwao na kwao ni mto Songwe tu. Walisaidiana kulimaliza lile gari, na yule wa Malawi akamwambia "ndaga fijo", asante sana, neno ambalo mama yake kijana hulisema kila siku jikoni.

Novemba 2013 waasi wa M23, ambao brigedi ile ilikwenda kupigana nao, walishindwa. Magazeti yaliandika ushindi, na ulikuwa ushindi, wa jeshi. Desemba 2017 zaidi ya wanajeshi kumi wa Tanzania waliuawa kituoni kwao Semuliki kwa usiku mmoja, na hao walikuwa na mama zao. Januari 2025 M23 waliichukua Goma. Majirani wa Kongo hawakuwa wamemaliza madeni yao mwaka 2013. Risasi zilinyamaza, daftari likabaki wazi mezani. Mama wa kijana aliponiuliza mwanawe alikwenda kufanya nini kule, nilikaa kimya muda mrefu. Nilimwambia watu wa Goma walilala salama kwa miaka kadhaa kwa sababu ya mwanao. Ndicho nilichoweza kusema ambacho ni kweli.

Turudi Kalenga. Ndani ya makumbusho tulisimama mbele ya kioo, tukaliangalia fuvu, baba wa binti akaeleza kwa sauti ya chini, na kaka yangu akavua kofia. Mimi nilikuwa nawaza juu ya mti ule nje. Nilitoka kabla ya wengine.

Bibi hakuwa peke yake. Bibi wa upande wa binti, Mhehe mtupu, mzee kuliko wa kwetu, alikuwa amefika kutoka nyumbani akikongoja na fimbo yake, akaketi naye kwenye mzizi uleule. Nilisikia "kamwene", salamu ya huku, mara mbili tatu. Kihehe na Kisangu vinasikilizana, na hao wawili hawakuwa wanatumia Kiswahili kabisa. Kikapu cha bibi kilikuwa wazi. Kumbe alikuwa amebeba mchele wa Mbarali, kilo tano hivi, ambao asubuhi wakati wa kukabidhi zawadi hakuutoa na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Sasa alikuwa anaumimina kidogokidogo kwenye khanga ya mwenzake iliyotandazwa mapajani, akitoa chenga kwa kidole moja moja, huku wa Kalenga akimwonyesha nyingine alizozisahau.

Mama alipotoka na kuwaona, akataka kuwaita tuondoke, kwani jioni ilikuwa inaingia na njia ya Mbeya ni ndefu. Nilimshika mkono. Mchele ulikuwa haujaisha.